Katuni ya Marafiki: Kwa Nini Hukwama Njiani

Mwaka 2014 kampuni ya Glénat ya Ufaransa ilichapisha hadithi ya picha iitwayo Madame Livingstone. Mchoraji wake ni Barly Baruti, Mkongo aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, na mwandishi aliyeshirikiana naye ni Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi inatokea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Rubani wa Kibelgiji anatumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na mwenyeji anayemwongoza ni chotara avaaye sketi ya Kiskoti na kudai kuwa ni damu ya David Livingstone.

Mkazi wa Kasingirima, Kigoma, hahitaji kuelezwa zaidi. Graf von Götzen ndiyo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina tunalolijua. Livingstone naye ana kumbukumbu yake hapo Ujiji, alipokutwa na Stanley mwaka 1871. Kwa maneno mengine, historia ya mwambao huu imeshaingia kwenye katuni, ila imeingia kwa Kifaransa na kwa mikono ya watu wa mbali.

Zamani jibu la kwa nini haijachorwa huku lingekuwa rahisi: hakuna mchapishaji. Leo jibu hilo limepungua nguvu. Simu ya kawaida yenye programu ya kuchorea kama ibisPaint, bando la wiki, na ukurasa wa Instagram au akaunti ya Webtoon vinatosha kuifikisha hadithi Bukavu, Mombasa na Muscat siku hiyo hiyo. Kinachobaki kuwa adimu ni watu wa kuifanya kazi hiyo pamoja hadi iishe. Kwa kuwa vijana wengi hawana fedha za kuajiriana, wanaanza na waliopo, yaani marafiki wa darasani, wa mtaani, wa kijiwe.

Hapo ndipo mambo huanza kwa kelele na kuisha kimya. Sura ya kwanza inasambazwa kila mahali, ya pili inachelewa, ya tatu inaahidiwa. Watu wakiulizana kulikoni, sababu zinazotajwa ni mbili za siku zote: fulani mvivu, fulani ana wivu. Nadhani sababu hizo ni dalili tu. Ugonjwa ni wa hesabu. Katuni ni kazi yenye mizigo isiyolingana hata kidogo, na urafiki una mwiko wake wa kutohesabiana. Mambo hayo mawili yakikaa chumba kimoja, kila mtu anaanza kuhesabu kimoyomoyo, na hesabu ya moyoni haijawahi kumpendelea mwenzio.

Sentensi ya dakika moja

Tuseme vijana wanne wa Kasingirima wanaamua kuisimulia upya hadithi ya Liemba, safari hii kwa macho ya vibarua na mafundi wa Kiafrika walioipakua na kuiunga. Wa kwanza anaandika, wa pili anachora, wa tatu anatia rangi, wa nne anapanga maneno kwenye viputo na kuiweka kazi mtandaoni. Ukiutazama mgao huo kwenye karatasi, ni wa haki: kila mtu ana kazi yake moja. Ukiutazama kwa saa, ni dhuluma ambayo hakuna aliyeikusudia.

Mwandishi anaandika hivi: "Alfajiri. Vibarua mia moja wanashusha masanduku kutoka kwenye mabehewa. Nyuma yao meli imeungwa nusu." Imemchukua dakika moja, na ni sentensi nzuri. Lakini mchoraji sasa anatakiwa kujua mabehewa ya mwaka 1914 yalifananaje, vibarua walivaa nini, mbavu za meli isiyokamilika zinaonekanaje ukiwa umesimama upande wa reli, na mwanga wa alfajiri unaangukia wapi. Kisha achore watu mia, au avumbue ujanja wa kuwaonyesha ishirini wakaonekana mia. Akimaliza penseli kuna wino. Anayetia rangi naye anakuta mia wale wale wanamsubiri. Fremu moja imekula siku tatu za watu wawili, na bado zipo fremu nyingine thelathini katika sura hiyo.

Tasnia kubwa inalijua jambo hili vizuri. Katika majarida ya Marekani yanayotoka kila mwezi, toleo la kurasa ishirini na ushei hugawanywa kwa mwandishi, mchoraji wa penseli, mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi. Mwandishi mmoja huweza kuandikia majarida kadhaa kwa mwezi huo huo, ilhali mchoraji wa penseli hujitahidi kumaliza moja. Kwa hiyo kila mmoja hulipwa kwa ukurasa, kwa kiwango cha kazi yake, na hakuna anayelaumiwa kwa kuwa polepole kuliko mwandishi. Kenya wanao mfano wa karibu. Shujaaz, katuni ya vijana iliyoanza mwaka 2010, inatengenezwa na timu ya waandishi na wachoraji walio kazini. Swali la nani amechoka zaidi hujibiwa na mshahara na mkuu wa kazi.

Marafiki hawana mshahara wala mkuu. Mwandishi aliyemaliza sura tatu kwa wiki moja anaona wenzake wanamrudisha nyuma. Mchoraji aliyekesha siku nne anaona mwandishi anapiga domo. Wote wawili wanasema ukweli wanaouona. Anayekosekana ni mtu wa kuwaonyesha kwamba wanatumia saa mbili tofauti.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni mwandishi kujua bei ya maneno yake. Zipo njia mbili zinazofaa hata kwa asiyejua kuchora. Moja ni mwandishi kuipanga sura yake mwenyewe kwa michoro ya vijiti, fremu kwa fremu, kabla ya kuikabidhi. Atagundua mapema kwamba mazungumzo aliyoyapenda hayaenei kwenye kiputo, na kwamba umati aliouita kwa sentensi moja unaweza kuwa mlio wa nyundo nje ya fremu na uso wa kibarua mmoja anayegeuka kuangalia. Njia ya pili ni kukubaliana idadi ya fremu nzito kwa kila sura. Mbili, kwa mfano. Mwandishi akitaka ya tatu, aiombe. Masharti hayo hayaui ubunifu. Mwandishi mwenye fremu mbili nzito huzitumia pale hadithi inapozihitaji kweli.

Tarehe iliyopotea

Katuni za Afrika Mashariki zina historia ndefu ya watu wawili wawili. Jarida la Sani, lililowalea wasomaji wa Tanzania kuanzia miaka ya 1970, limebeba ushirikiano huo kwenye jina lake: ni mwanzo wa majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Nairobi, mwaka 1973, mwandishi wa habari Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Ng'weno alijitoa mapema, na mwaka 1975 akaanzisha The Weekly Review; Hirst aliliendesha Joe hadi lilipokoma mwaka 1979. Mmoja alikwenda kwenye siasa na uchumi, mwingine akabaki na vichekesho na picha, na jarida halikufa siku mwenza mmoja alipoondoka.

Mtu anaweza kusema watu wa enzi hiyo walikuwa na nidhamu kuliko wa leo. Huenda. Lakini walikuwa pia na kitu ambacho katuni ya mtandaoni imekipoteza, nacho ni mtu wa nje anayesubiri. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa na siku yake. Ukiikosa, mashine inachapa kazi ya mwingine. Msambazaji alikuwa na gari linaloondoka. Muuza magazeti alikuwa na nafasi mezani isiyokaa wazi. Kila mmoja wa watu hao alikuwa analeta shinikizo ambalo halikutoka kwa rafiki. Mhariri akisema "kesho saa nne", mchoraji na mwandishi walikuwa upande mmoja, wote wakimlalamikia mhariri.

Mtandaoni hakuna mashine inayosubiri. Sura ikichelewa wiki mbili, hakuna gari lililoondoka tupu. Tarehe inabaki kuwa ahadi ya rafiki kwa rafiki, na anayeikumbusha anakuwa msumbufu. Kwenye gurupu la WhatsApp utaona hatua zake. Kwanza: "Kaka, vipi zile kurasa?" Kisha: "Wazee, Ijumaa tunatoa au?" Kisha tiki za bluu bila jibu. Kisha utani wa pembeni ulio na mwiba ndani. Mwisho kundi linabaki la kutumiana salamu za Idi na matokeo ya Simba na Yanga. Hakuna aliyetamka kwamba katuni imekufa, kwa sababu kutamka kungelazimisha kusema nani aliiua.

Ndiyo maana wanaofanikiwa mtandaoni hujitafutia mtu wa nje. Mfano maarufu ni Penny Arcade ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998 na marafiki wawili, Jerry Holkins anayeandika na Mike Krahulik anayechora. Kwa miaka kadhaa walikuwa na wasomaji wengi bila kujua biashara yao inaendaje. Mwaka 2002 alikuja Robert Khoo kushughulikia fedha na mipango, wao wakabaki na hadithi na kalamu. Mtu wa tatu asiyechora wala kuandika alikuwa na faida moja kubwa: angeweza kusema "hapana" au "lini" bila kuonekana anamdharau rafiki yake.

Vijana wetu wanne hawana uwezo wa kumwajiri meneja. Wanaweza kumpata dada mkubwa wa mmoja wao, mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, au muuza vitabu anayependa kazi yao, wakampa cheo kimoja tu: kazi ikabidhiwe kwake kila Alhamisi jioni. Asiwe na mamlaka ya kubadilisha chochote. Awe yule anayesubiri. Wengi watashangaa jinsi mkono unavyokwenda haraka pale anayesubiri ni mtu wa kuamkiwa shikamoo.

Neno la mwisho ni la nani

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Moja inasema penye wengi hapaharibiki neno. Nyingine inasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika katuni, methali zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina saa yake.

Mwanzoni, hadithi inapotafutwa, wengi ni neema. Mmoja anakumbuka jinsi babu alivyosimulia habari za reli, mwingine anajua Kiha cha kuwatania wahusika, wa tatu anauliza mbona hakuna mwanamke hata mmoja kwenye sura nzima. Maswali ya namna hiyo huitajirisha kazi. Lakini fremu ikishakuwa mezani, kura nne juu ya rangi ya kofia ni njia ya kupoteza usiku. Hapo anatakiwa nahodha mmoja, na si lazima awe yule yule katika kila jambo. Utaratibu unaofanya kazi ni kumpa kila mtu neno la mwisho katika eneo lake: maneno ni ya mwandishi, mpangilio wa fremu ni wa mchoraji, rangi ni ya mtia rangi. Wengine wana haki ya kushauri mara moja. Ushauri ukikataliwa, unaishia hapo. Haurudi tena usiku wa manane kwa sauti ya WhatsApp ya dakika sita.

Ugumu unaobaki ni kukosoana. Mchoro ni kitu cha mwili. Ukisema mkono huu haujakaa sawa, mchoraji anausikia mkono wake mwenyewe. Kati ya marafiki, ukosoaji huenda pande mbili mbaya. Ama hautolewi, na kazi dhaifu inapitishwa kwa "imetulia hiyo", ama unatolewa kwa utani ambao kesho hautamkiki tena. Kinachosaidia ni kukosoa kwa kurejea msomaji: "Hapa nimesoma kiputo cha kulia kabla ya cha kushoto," au "Sijajua kama huyu ndiye baba au mjomba." Msomaji wa simu anateremsha kidole, asipoelewa anapita. Huo ni ukweli wa kazi, na haumhukumu mtu.

Siku mmoja anapoondoka

Marafiki wanaoanza katuni hujadili sana jina la shujaa na namna watakavyogawana fedha zitakapokuja. Hawajadili kitu ambacho karibu lazima kitokee kabla ya fedha: mmoja wao kuondoka. Na kwa kijana wa Kigoma kuondoka si jambo la kufikirika. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka, mmoja anapangiwa chuo Dodoma. Mwingine anaitwa JKT. Mwingine anapata kazi Dar es Salaam, na treni inambeba pamoja na kalamu yake.

Katuni ya mtandaoni iliyotoa funzo hili kwa uwazi zaidi ni Megatokyo. Ilianza Agosti 2000, Rodney Caston akiandika vichekesho na Fred Gallagher akichora. Ilipata wasomaji wengi haraka. Mwaka 2002 Caston aliondoka, Gallagher akabaki na kazi zote mbili peke yake. Hadithi ilibadilika sura, ikawa ndefu na ya mapenzi zaidi kuliko ya vichekesho, na kurasa zikaanza kutoka kwa kusuasua. Miaka iliyofuata kila mmoja alieleza kuachana kwao kwa namna yake, mbele ya wasomaji waliokuwa wanawapenda wote wawili. Kazi iliendelea, urafiki ndio uliolipa gharama.

Kilichokosekana mara nyingi katika visa vya aina hii ni jibu la swali moja, lililotolewa mapema wakati watu bado wanacheka pamoja: akiondoka mmoja, hadithi inabaki na nani? Majibu yanayowezekana ni machache. Wanaobaki wanaweza kuendelea na wahusika wote, wakiendelea kumtaja aliyeondoka kama mwanzilishi. Au hadithi inafungwa kwa sura ya mwisho na kila mtu anaanza yake. Au aliyeondoka anakwenda na wahusika aliowaunda, na wengine wanabaki na ulimwengu wa hadithi. Lolote kati ya hayo ni afadhali kuliko kutojua.

Historia yetu inaonyesha uzito wa swali hilo. Philip Ndunguru, aliyewachora kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika Sani, alifariki mwaka 1986. Wahusika wake hawakuzikwa naye; wachoraji wengine walishika kalamu, na vizazi vilivyofuata vikakua na Lodi Lofa bila kumjua aliyemchora mwanzo. Kwa msomaji ilikuwa zawadi. Kwa anayetafakari ushirikiano ni ukumbusho kwamba mhusika anayependwa ana maisha marefu kuliko timu iliyomzaa, na kwamba jina la muumbaji hufutika mapema likiachwa bila kuandikwa.

Jina na nywila

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kazi inalindwa tangu inapoumbwa; kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ushahidi mzuri lakini si sharti la haki kuwepo. Kazi iliyobuniwa na watu kwa pamoja ni mali yao kwa pamoja, na ulinzi wa haki za kiuchumi unaendelea kwa uhai wa mbunifu wa mwisho kufariki na miaka 50 baada yake. Vijana wanne wenye miaka ishirini wanaochora leo wanaweza, kwa hesabu hiyo, kuwa wanaandaa mali itakayolindwa zaidi ya miaka mia.

Sheria hiyo hiyo hailindi wazo tupu. Jambo hili lingejulikana, magomvi mengi yangepoa. Kila timu ina mtu anayesema "wazo lilikuwa langu", na huenda ni kweli: alikuwa wa kwanza kusema jamani, tuichore Liemba. Lakini wazo la kuichora Liemba liko wazi kwa kila mtu anayeiona meli bandarini. Kinachomilikiwa ni maneno yaliyoandikwa na michoro iliyochorwa. Mwenye wazo anastahili heshima, na akitaka zaidi ya heshima, ashike kazi.

Upande wa pili wa sarafu ni yule aliyefanya kazi na jina lake halipo. Dunia ya katuni haina kisa kizito kuliko cha Batman. Aliyesaini mkataba mwaka 1939 ni Bob Kane, na kwa miongo mingi jina lake lilisimama peke yake. Mwandishi Bill Finger, aliyebuni sehemu kubwa ya mavazi, mazingira na maadui wa shujaa huyo, alifariki mwaka 1974 bila kutajwa rasmi kama muumbaji mwenza. Jina lake lilianza kuwekwa kando ya la Kane mwaka 2015, miaka 41 baada ya kifo chake. Timu ya marafiki inaweza kuepuka hilo kwa mstari mmoja mwishoni mwa kila sura: hadithi fulani, michoro fulani, rangi fulani, maneno fulani. Mstari huo hauna gharama ya bando wala muda, lakini unakatwa mara nyingi ili picha ienee vizuri.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sheria hailioni lakini limeua kazi nyingi: nywila. Akaunti ya katuni hufunguliwa kwa namba ya simu ya mmoja wao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na bando siku hiyo. Miezi sita baadaye amepoteza laini, au ameudhika, au ameajiriwa na hana muda wa kujibu. Wasomaji wote wako upande wa pili wa mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mmoja. Timu makini hufungua barua pepe ya katuni yenyewe, isiyo ya mtu, nywila ikajulikana kwa wawili angalau, na mafaili yenye tabaka za mchoro yakahifadhiwa mahali pa pamoja. Anayekabidhi picha iliyokwisha kubanwa tu, bila faili lake la asili, amewafunga wenzake bila kujua, kwa sababu hata kusahihisha herufi moja kutawalazimu wamrudie.

Mgawo wa mwaloni

Watu wa mwambao huu wana mfano wa ushirikiano ambao hauoni aibu kuhesabu. Chombo cha dagaa kikirudi asubuhi kwenye mwalo wa Kibirizi au Katonga, ndani yake kunaweza kuwa na ndugu, mashemeji na marafiki wa utotoni. Hakuna anayedhani udugu unafuta mgawo. Gharama za usiku hutolewa kwanza, mafuta na mengineyo. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na nyavu na wale waliovuta, kwa utaratibu uliojulikana kabla ya taa kuwashwa. Usiku ukiwa mtupu, wote wanajua kwamba mtupu nao umegawanywa. Ugomvi upo, bila shaka, lakini mara nyingi ni juu ya kipimo, kwa kuwa kipimo kipo.

Katuni inaweza kuazima mambo mawili hapo. La kwanza ni kutenganisha gharama na faida. Bando la kupandisha sura, kalamu ya kuchorea kwenye kishikwambi, nauli ya kwenda kuulizia picha za zamani: hizo ni gharama, na shilingi ya kwanza ikiingia, kutoka kwa tangazo la duka au msomaji aliyetuma kwa simu, irudi huko kwanza. Kisha mgawo ufuate uzito wa kazi. Wengi huchagua mgao sawa kwa wote kwa sababu unaonekana wa kirafiki. Unaweza kufaa, mradi mchoraji ameukubali akijua saa zake, asije akaugundua baadaye. Mali bila daftari huisha bila habari, na hata elfu kumi ya kwanza inastahili mstari wake kwenye daftari.

La pili ni mapumziko yaliyo kwenye ratiba. Uvuvi wa taa hausongi mbele mwezi unapokuwa mkubwa. Samaki hawaifuati taa, na wavuvi hutumia siku hizo kushona nyavu na kukaa nyumbani. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hatua hiyo iliumiza mifuko, lakini kila mtu alijua tarehe ya kufunga na ya kufungua. Katuni nyingi hufa kwa sababu pumziko lake halina tarehe. Mchoraji amechoka, anaona aibu kusema, anachelewa, anajificha. Timu ikipanga tangu mwanzo kwamba baada ya sura nne kuna mwezi wa kupumzika na msomaji akaambiwa, uchovu unapata mahali pake halali.

Anza na kidogo kinachoisha

Ushauri unaotolewa mara nyingi kwa marafiki wanaotaka kuchora pamoja ni wawe na ndoto kubwa. Ndoto kubwa ndiyo mtego wenyewe. Hadithi ya Liemba kutoka Papenburg hadi leo ni kurasa mia kadhaa, na watu wanne ambao hawajawahi kumaliza hata kurasa tano pamoja hawajui kasi yao, hawajui nani hukasirika akikosolewa, hawajui nani hukabidhi kazi saa sita usiku siku ya mwisho. Mambo hayo yanajulikana kwa kumaliza kitu kimoja kifupi. Kurasa nane za kibarua mmoja na sanduku moja lililopotea njiani zinatosha. Zina mwanzo na mwisho. Msomaji anazipata zote. Na timu inajipima kabla ya kujifunga.

Baada ya kurasa hizo nane ndipo wakati wa kuandika makubaliano, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, kila mtu akiweka sahihi na kubaki na nakala. Yatosha yajibu mambo haya: nani anafanya nini na kwa siku ngapi, neno la mwisho katika kila eneo ni la nani, majina yanaandikwaje, gharama na mapato yanakwendaje, mafaili na nywila viko wapi, lini tunapumzika, na mmoja akiondoka inakuwaje. Kama hadithi hiyo fupi imewachosha kiasi kwamba hawataki kukaa kuandika ukurasa huo, hilo nalo ni jibu, na limepatikana kwa bei nafuu. Wanaweza kuachana kama washirika na kubaki marafiki, wakiwa na kazi moja iliyokamilika yenye majina manne chini yake.

Wapo watakaoona kuandikiana ni kutoaminiana. Lakini tazama anayeumia pale pasipoandikwa. Mwenye sauti kubwa hana haja ya karatasi, kwa kuwa atakumbuka mambo kwa namna inayomfaa na wengine watanyamaza. Karatasi ni kwa ajili ya mtia rangi mpole ambaye hajawahi kulalamika, na kwa yule aliyepangwa chuo cha mbali asiyekuwepo kujitetea. Rafiki anayekataa kuyaandika mambo hayo kwa jina la urafiki anawaomba hao wawili wagharamie starehe yake.